Banda la reptilia la njia ya Mikindani: majibu kwa redio yamo kwenye kufuli na daftari

Kwa miezi kadhaa banda la reptilia lililo kando ya barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani limekuwa likitajwa redioni na kwenye televisheni kwa mabaya tu: nyoka wanatoroka, watoto wataugua, wanyama wanateswa, kobe wanauzwa kimagendo. Wenye banda hawakukimbilia kugombana hewani. Wameanzisha ziara ya wazi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo mwandishi wa habari, jirani, mwalimu au mtu yeyote mwenye shilingi 3,000 anapitishwa hadi nyuma ya vizimba na kuonyeshwa kufuli, vipimajoto, madaftari na hata friji. Tumeipitia ziara hiyo mara mbili, Februari joto lilipokaba na Julai kusi ilipokuwa inavuma, na hapa tunaipima kwa lalamiko moja baada ya jingine. Tulichokiona ni kwamba mikono ya watu hawa inajibu vizuri kuliko midomo yao.

Tuanze na kutoroka, maana ndiko kulikojaza vipindi. Hofu hii si ya kubeza. Huko Florida, Marekani, chatu wa Burma waliotoka kwa wafugaji wamezaliana kwenye kinamasi cha Everglades hadi wanyama wa asili wamepungua, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza chatu huyo pamoja na aina nyingine tatu, wakiwamo chatu wetu wawili wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini. Kwa hiyo mtangazaji anayeuliza "na akipotea je?" anauliza swali la haki, na jibu lake linaanzia mlangoni.

Mlango wa chumba cha nyoka hapa ni wa mara mbili. Unaingia wa kwanza, unafungwa nyuma yako, ndipo wa pili unafunguliwa. Nafasi ya katikati inatosha watu watatu waliobanana, imepakwa rangi nyeupe na ina taa kali, ili chochote kilichopo sakafuni kionekane. Uwazi chini ya milango hauzidi milimita 3, na kila mlango una ulimi wa mpira. Wamefanya vyema, kwa sababu kichwa cha nyoka kikipita, mwili wote umepita, na kinda la nyoka mwekundu wa Marekani, Pantherophis guttatus, linapenya kwenye tundu la unene wa penseli. Matundu ya hewa yamezibwa kwa wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo, na wavu umebanwa kwa fremu na skrubu pande zote, haukupigiliwa misumari ya kukunja. Bomba la maji machafu nalo lina kichujio. Wafugaji wengi wanakisahau.

Vizimba vyenyewe vina vioo vya kuteleza vilivyofungwa kwa kufuli za kabati la vioo, zile zile za kwenye maduka ya simu. Kwa chatu mdogo zinatosha. Kwa chatu mkubwa hazitoshi: nyoka wa mita tatu akisukuma kioo kwa pua usiku kucha, meno ya kufuli hizo yanaruka moja moja. Na upepo wetu wa bahari una chumvi. Chuma cha bei rahisi kinaanza kutu ndani ya masika moja. Februari tulikuta kufuli mbili zimeshikwa kutu hadi funguo zinazunguka kwa taabu. Julai zilikuwa zimebadilishwa kwa kufuli za shaba nyeupe zenye komeo la kupitisha, tena zimepakwa mafuta. Hilo tunalihesabu kama jibu.

Kuna mama mmoja kutoka Magomeni aliyesimama mbele ya chatu na kumuuliza kijana anayetembeza wageni, "Mwanangu, na akitoka huyu?" Kijana akajibu, "Shikamoo mama. Akitoka humu, mlango ule wa kwanza bado umefungwa. Njoo uusukume mwenyewe." Mama akausukuma. Hakuna tangazo la redio lingeweza kufanya kazi ile.

Daftari la hesabu liko kwenye meza mlangoni, linajazwa saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila nyoka kwa namba yake, na saini mbili. Chatu wote na kenge wana chipu chini ya ngozi, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, na kisomeo chake kipo. Umuhimu wake ni huu: ukanda huu hauhitaji banda ili uwe na nyoka. Mikorosho, vichaka vya Msimbati, maghala ya ufuta yanayovuta panya, kote huko wamo. Akiuawa chatu mtaani, lawama inakuja bandani kabla mzoga haujapoa. Mwenye banda anayeweza kuleta kisomeo na daftari la asubuhi hiyo amemaliza ubishi palepale. Langoni pia kuna ubao wa orodha: chatu wa kusini mwa Afrika wawili, chatu mdogo wa Afrika Magharibi mmoja, nyoka wekundu wa Marekani wawili, kifutu wawili, swila mmoja, kenge mmoja, mjusi ndevu wa Australia mmoja, kinyonga watatu, kobe tisa. Koboko hakuna. Nyoka hongo hakuna. Mtu akikuta koboko shambani kwake Naliendele, ubao umeshamjibu.

Kasoro moja kubwa: funguo za vizimba vya nyoka wenye sumu zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari ndani ya chumba hicho hicho. Zinatakiwa kukaa chumba kingine, ndani ya boksi lenye kufuli, mikononi mwa watu wawili tu wanaojulikana kwa majina. Tuliwaambia Februari, Julai msumari ulikuwa bado una kazi.

Hapo kwenye nyoka wenye sumu ndipo tunapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo vyombo vya habari vilipopatia hata pale vilipokosea maneno. Kanuni za mikono ni nzuri. Hakuna anayefungua kizimba cha kifutu au swila akiwa peke yake. Kifutu anahamishwa kwa fimbo yenye ndoano, akiegemezwa theluthi ya mbele na theluthi ya nyuma ya mwili, na anawekwa kwenye pipa lenye kifuniko cha kukaza kabla kizimba hakijasafishwa. Kwa swila wanavaa miwani ya kuziba pande zote, kwa sababu huyu hurusha sumu hadi mita mbili au zaidi akilenga uso, na kioo cha mbele peke yake hakimlindi mtu aliyefungua kwa nyuma. Chupa ya maji safi ya kuoshea macho ipo ukutani. Jicho lililorushiwa sumu linatakiwa kuoshwa kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, halafu hospitali.

Friji ya dawa ya sumu ya nyoka ina kipimajoto ndani na karatasi ya kuandika mara mbili kwa siku. Dawa hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8, na wana betri ya sola ya kuishikilia umeme ukikatika. Dawa yenyewe ni ile ya Afrika Kusini inayofanya kazi kwa aina nyingi, ikiwamo sumu ya kifutu na ya swila. Lakini vichupa vilikuwa vinne. Mtu aliyeng'atwa vibaya na kifutu anaweza kuhitaji vichupa vitano hadi kumi, wakati mwingine zaidi. Vinne ni vya kuanzia tu. Na dawa hii haichomwi na kijana wa banda: inaweza kuleta mzio wa kuua, hivyo inatolewa na daktari mwenye adrenalini pembeni. Kazi ya banda ni kuitunza na kuifikisha hospitali pamoja na mgonjwa na jina la nyoka.

Upatikanaji wake Afrika si wa kutegemea duka. Dawa ya Fav-Afrique ya kampuni ya Ufaransa ilisimama kutengenezwa mwaka 2014 na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani. Kwa hali hiyo msimamo wetu hauna kona: mpaka vichupa vifike angalau kumi, kifutu na swila wasiwe sehemu ya maonyesho. Mfugaji anayetaka kuheshimiwa na waandishi hawezi kuwa na sumu nyingi kuliko dawa.

Bango la huduma ya kwanza lililobandikwa ukutani limeandikwa kwa herufi kubwa na linafaa kunakiliwa shuleni: mtulize mgonjwa, asitembee, vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba, tuliza kiungo kwa banzi, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe jeusi, usimpe dawa ya kienyeji ya kunywa, mpeleke hospitali mara moja. Mstari mmoja ufutwe. Unasema "funga kitambaa kwa nguvu juu ya jeraha". Kwa kifutu hilo ni balaa, maana sumu yake inaozesha nyama, na kuifungia sehemu moja huku ukizuia damu ndiko kunakoleta kukatwa mguu.

Joto sasa. Wanaoiga vitabu vya Ulaya hufikiri reptilia ni taa na taa zaidi. Mtwara shida ni kinyume kwa miezi minane ya mwaka. Boksi la kioo likipigwa na jua la saa nane mchana linakuwa tanuri kwa dakika chache, na reptilia wengi wakifika nyuzi 40 hawarudi. Hapa paa ni bati, lakini juu ya bati wametandika makuti, na kati ya bati na dari kuna nafasi ya hewa. Februari saa nane mchana chumba kilisoma nyuzi 31. Kizimba cha chatu kilikuwa na upande wa joto nyuzi 33 na upande wa ubaridi 28, chenye maficho pande zote mbili na beseni la maji analoweza kuzama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mnyama asiyejitengenezea joto lazima awe na pa kuchagua, na asilazimike kuchagua kati ya joto linalomfaa na kujificha.

Nyoka wekundu wa Marekani hawakuwa na chaguo hilo. Upande wao wa baridi ulikuwa nyuzi 30.5, na nyoka hawa wanataka 24 hadi 26. Walikuwa wamejiviringisha ndani ya beseni la maji mchana kutwa, na nyoka asiyetoka majini anasema joto limezidi, au ana utitiri. Hawa hawakuwa na utitiri. Mjusi ndevu naye ametoka nyika kavu ya Australia. Anataka unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 40, na hewa yetu ya pwani wakati wa masika inapita 80. Kumfuga Mtwara ni kupigana na bahari. Aliyesema redioni kwamba "wanyama wa nje wanateseka humu" alisema kwa ujumla mno, lakini kwa hawa watatu alisema kweli, na jibu la heshima ni kuwahamishia kwa mfugaji mwenye kibali aliyeko ukanda wa baridi na kavu.

Julai ndiyo taa zinapohitajika. Alfajiri chumba kilishuka hadi nyuzi 21. Chatu walikuwa na balbu ya kauri isiyotoa mwanga, iliyozungushiwa kikapu cha waya ili nyoka asiiguse, na imeunganishwa na thamostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima chenyewe kulingana na joto. Nyoka mara nyingi hajitoi haraka kwenye kitu kinachomuunguza tumbo, kwa hiyo kikapu hicho si pambo. Ila waya wa kihisio cha thamostati ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya utepe. Makosa mawili hapo. Utepe ukiachia, kihisio kinaangukia kwenye beseni, kinasoma baridi ya maji, na balbu inawaka bila kukoma hadi nyoka anaiva. Na utepe ukimshika nyoka, ngozi inatoka nao. Klipu ya skrubu au kipande cha bomba la plastiki cha kupitishia waya kinamaliza yote mawili.

Kuhusu magonjwa, vyombo vya habari vilisema reptilia "wanaeneza homa". Neno sahihi ni salmonela. Reptilia wengi hubeba bakteria hao tumboni bila wao kuumwa, na wanatoka na kinyesi, wanabaki kwenye gamba, kwenye maji ya beseni, kwenye mikono. Si uzushi wa juzi: Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wa majini wenye gamba la chini ya sentimita 10 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Banda linajibu kwa ndoo tatu za maji zenye bomba chini, pamoja na sabuni, kwenye kila mlango wa kutokea, na mgeni hatoki bila kunawa sekunde 20. Hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka mitano kugusa mnyama, wala chakula kuingia ndani. Mabeseni ya wanyama yanaoshwa kwenye karo la nje, mbali na jiko la wafanyakazi. Tungependa waongeze wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu kwenye orodha ya wasioruhusiwa kugusa.

Wanyama wapya wanakaa karantini siku 60, chumba cha pekee, wakihudumiwa mwisho baada ya wengine wote ili kupe na utitiri wasisafiri kwa nguo za mfanyakazi. Lakini chumba hicho kinatumia ndoano na koleo moja na chumba kikuu. Vifaa viwe seti mbili, zenye rangi tofauti.

Kobe ndio fahari ya mahali hapa. Ni kobe madoa, wako nje kwenye uwanja wa mchanga na nyasi, wenye ukuta wa tofali uliozama sentimita 30 ardhini wasichimbe wakatoka. Wanakula nyasi, majani na maua ya haibiskasi, magugu ya shambani. Matunda ni mara chache. Mchicha hupewa kidogo, kwa kuwa una kemikali inayofunga kalsiamu isitumike mwilini. Nyanya na mkate, vitu ambavyo wageni hupenda kurusha, vimekatazwa kwa bango. Na kalsiamu yao inatoka ufukweni: ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaotupwa na maji Shangani na Msimbati, unaoshwa, unalowekwa maji baridi siku mbili kutoa chumvi, unaanikwa, kobe wanautafuna wenyewe. Hakuna duka la vifaa vya wanyama litakalokuuzia kitu bora zaidi. Magamba yao ni laini bila vibonge, miguu imenyooka, wakitembea tumbo halikokoti ardhini.

Tofauti yake inaonekana kwa kenge, aliyewekwa nyuma ya kioo kwenye dirisha la jua. Watu wanadhani anapata jua. Anapata mwanga na joto tu. Kioo cha kawaida kinazuia miale ya jua iitwayo UVB, na bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu hata ukiijaza kwenye chakula haiingii mifupani. Taya hulainika, vidole vinatetemeka, miguu inapinda. Kuna bomba la taa ya UVB humo ndani, lakini tarehe iliyoandikwa ubavuni ilionyesha miezi 17. Taa hizi zinaendelea kung'aa machoni petu muda mrefu baada ya miale yenyewe kuisha. Nyingi zinabadilishwa kati ya miezi 6 na 12. Kwa Mtwara suluhisho la bure lipo: mtengenezee kenge uwanja wa nje wenye wavu, nusu jua nusu kivuli, na akae humo kwa muda wa saa mbili kila asubuhi.

Kinyonga wako kwenye vizimba vya wavu, kila mmoja peke yake, maji yanadondoka matone juu ya majani kwa kuwa hawanywi kwenye bakuli. Safi kabisa.

Kando ya kizimba cha kenge kuna mchoro wa mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa na Wajerumani mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Ni wazo zuri kumweka hapo. Watoto wa kusini wana haki ya kujua kwamba mnyama huyo ni wa kwao. Anayetembeza wageni aache tu kusema kenge ni mjukuu wake. Ndugu wa karibu wa dinosaria walio hai leo ni ndege, wakifuatiwa na mamba. Kuku wa uwanjani ana udugu na Tendaguru kuliko kenge.

Magendo yamejibiwa haraka na vizuri. Vibali vya kufuga wanyamapori vimewekwa kwenye fremu mapokezi, nakala inatolewa kwa mwandishi anayeitaka, na kila mnyama ana karatasi ya alikotoka. Anayetembeza wageni anaeleza kwamba usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ulizuiwa na serikali mwaka 2016, na kwamba mwaka 2019 kobe chapati wa nyanda kavu za Tanzania na Kenya aliwekwa kwenye kundi la ulinzi mkali kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori. Wanakataa kupokea kasa hata akiletwa na mvuvi kwa nia njema. Wanamwelekeza kwa watu wa hifadhi ya bahari. Na hawana kobe wa majini wa Marekani wenye masikio mekundu, wale ambao wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Wasije wakashawishika.

Uchawi haukutajwa hewani waziwazi, lakini ndio uliokuwa chini ya kila swali: chatu wa utajiri, anayetapika noti usiku. Banda limechagua kunyamaza, na tunaona wamekosea. Hapa fundi wa nyoka ana jibu la ufundi. Chatu hutapika akishikwashikwa ndani ya saa 48 baada ya kula, akikaa kwenye baridi asiweze kumeng'enya, au akipewa windo kubwa kupita unene wa mwili wake. Kinachotoka ni sungura nusu aliyeoza, na nyoka huyo anatakiwa kupumzishwa wiki mbili kabla ya kulishwa tena. Waweke daftari la kulisha mezani: tarehe, uzito wa windo, tarehe ya kinyesi, tarehe ya kujivua gamba. Mtu anayesoma mistari hiyo miezi sita mfululizo anaona mnyama anayekula na kulala.

Sasa maneno yao. Mapokezi kuna karatasi ya kurasa mbili waliyoiandika kuwajibu wanahabari, na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Inaanza kwa kusema waandishi "wamenunuliwa". Inaendelea: "Nyoka wetu hawana madhara." Kuna swila chumba cha pili! Halafu: "Reptilia hawaambukizi binadamu." Ndoo za sabuni mlangoni zinasema vingine. Mwandishi mwenye macho anakamata uongo huo ndani ya dakika tano, na kufuli zote nzuri zinapotea kwenye habari yake.

Karatasi ile iandikwe upya kwa ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ukubali lililo kweli: tuna nyoka watatu wenye sumu, reptilia hubeba salmonela, wanyama watatu hawafai hali ya hewa ya hapa na tunawahamisha. Kisha wachukue kosa moja tu la habari, lile zito zaidi, walirudie kama lilivyosemwa pamoja na tarehe na saa ya kipindi, na waliweke sawa kwa namba: hesabu ya siku ile, saini mbili. Makosa manne yakijibiwa pamoja, msikilizaji habebi hata moja. Karatasi imfikie mhariri ndani ya saa 24, kwa jina la mtu mmoja anayepokea simu. Kituo kikikataa kusahihisha, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko na kusuluhisha pande mbili bila mahakama, na kwa redio na televisheni kuna kamati ya maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Rekodi ya kipindi ihifadhiwe mapema, bila hiyo lalamiko halina miguu.

Picha pia. Katika ziara ya Februari walimvisha mwandishi chatu shingoni apigwe picha, na picha hiyo hiyo ndiyo iliyoambatana na habari mbaya iliyofuata. Nyoka anayefinya anayezidi mita mbili na nusu hashikwi na mtu mmoja, wala hawekwi shingoni kwa mtu yeyote, hata mzoefu. Julai walikuwa wameacha. Wageni waligusa mgongo wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, kichwa kikiwa upande wa mfugaji, dakika kumi, kisha akarudishwa kizimbani. Waendelee hivyo.

Ziara inachukua dakika 90, inaanza saa tatu asubuhi. Wanafunzi ni shilingi 1,000 na mwalimu halipi kitu. Ukitokea stendi ya Mkanaledi panda bajaji, mwambie dereva mapema kwamba unashukia bandani, kwa sababu bango la barabarani limefifia. Vyoo ni safi, maji ya kunywa nunua mjini. Ukienda siku isiyo ya ziara, usiende Jumatatu: wamefunga, ndiyo siku nyoka wanalishwa, na hadi Jumatano hawatolewi vizimbani.